Karai la Pili

Mama alifika kazini kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, siku ya kwanza ya kukaanga mpunga. Akajifunga kitambaa chake cha kahawia kichwani, akauliza nani kaacha kuni zikalowa. Mama huyo alikuwa amekufa miaka miwili na nusu iliyopita. Nu, mke wa Khiem, mwanawe mkubwa, akamjibu ni mvua ya jana hiyo, mama, akampisha apite. Basi. Hiyo ilikuwa vuli ya tatu anakuja, na kijiji kizima kinafanya pepeta, ule mpunga mchanga wa kukaanga na kutwanga, nani ana muda wa kushangaa?

Thoa, binti wa mama, aliingia na pikipiki saa moja. Duka la dawa anakofanya kazi, huko Hanoi mjini, walimpa ruhusa ya siku nne. Akamkuta mama kwenye kigoda kilekile, anageuza mpunga mchanga kwenye karai la chuma. Moshi wote unampiga usoni, na hakohoi. Hapo tu ndipo alipobadilika. Zamani alikuwa akikohoa, na kikohozi hichohicho ndicho kilichomuua.

"Umekonda," mama akasema. "Mumeo hakulishi?"

"Ananilisha. Mama, hujapumzika tu?"

"Nikipumzika nani atakaanga?"

Swali hilo alikuwa akiliuliza hata kitandani hospitalini.

Na kweli, hakuna aliyemfikia. Tangu afe, pepeta ya nyumba ile ilizidi kuwa ya kijani, laini, maana mkono wake sasa hauchoki. Wateja waliongezeka. Khiem, kaka mkubwa, akapaua banda upya.

Fungu la kwanza lilipotoka kinuni, Khiem alilitia kwenye bakuli, akaliweka mbele ya picha ya mama pale wanapowaombea wazee waliotangulia, akawasha ubani. Mama akachungulia kutoka jikoni, mwiko mkononi. Ubani ulipokwisha, Khiem akalichukua bakuli, akala yote, maana baraka ni ya mwenye nyumba.

"Mwonjeshe mama na yeye," Thoa akasema.

"Si keshapewa?" Khiem akaonyesha picha.

"Mwache ale," mama akasema kutoka jikoni. "Ya mwaka huu tamu?"

Khiem akafuta midomo, akarudi kinuni.

Mchana walikaa wakifunga pepeta kwenye majani ya yungiyungi, kila kifungu kikikazwa kwa unyasi mmoja wa mpunga. Thoa akalitoa la moyoni. Mwaka wa tatu umefika, wakati wa kuifukua mifupa ya mama, kuiosha kwa maji ya manukato na kuizika upya kwenye chungu. Maiti akishaoshwa mifupa amestaafu, hadaiwi kazi na mtu. Ila siku huchaguliwa na mtoto wa kiume mkubwa. Binti aliyeolewa ni mgeni, hana kauli.

"Msimu haujaisha," Khiem akasema.

"Mwaka jana ulisema hivyohivyo, kaka."

"Na mwaka jana msimu ulikuwa haujaisha."

Nu akacheka, akamsogelea. "Wifi yangu, nisikudanganye. Mama akipumzika, nani atakaa kwenye ule moshi? Mimi? Mimi mapafu yangu nayapenda."

"Basi nitakaa mimi," Thoa akasema.

Akaenda jikoni, akachukua mwiko. Mama alimfundisha maneno machache: usikoroge kwa hasira, moto uwe wa uvivu, punje ukiibana kwa ukucha ganda likiachia na punje isipovunjika, epua. Siku ya kwanza Thoa aliunguza. Ya pili alitoa ngumu, kuku wakasusa. Siku ya tatu mama alibana punje moja, kisha akafanya jambo ambalo Thoa hajawahi kuliona maishani: akauweka mwiko chini, akaiweka mikono mapajani. Mikono yenyewe haikujua ikae vipi.

Thoa akamwita kaka yake.

"Kaka, onja. Nimeweza. Sasa chagua siku."

Khiem akaonja. Akatafuna polepole, akatikisa kichwa kukubali, macho yakamlowa kidogo.

"Hii ya mama kabisa," akasema.

Akatoka. Thoa alimsikia akifungua stoo. Akarudi na karai la pili, jipya, bado lina mafuta ya kiwandani, akalitega kwenye mafiga kando ya lile la zamani.

"Wateja wa mjini wamekuwa wakilalamika haiwatoshi," akasema. "Siku tutazungumza mwakani."

Mama akauokota mwiko wake.

Thoa alisimama pale na funguo za pikipiki mkononi. Angeondoka, mama angekaanga makarai yote mawili peke yake, asubuhi hata jioni, na asingelalamika. Akazitia funguo mfukoni. Mama akasogeza kigoda, akampisha nafasi upande usio na moshi mwingi.

Upepo wa vuli ukageuka, Thoa akakohoa.

"Jifunge leso puani," mama akamwambia. "Haisaidii, lakini jifunge."