Mkanda wa Shaba

Mimi ni fundi wa magari, na hasira zangu ziko karibu. Mke wangu Edah husema spana zangu zinanijua kwa matusi. Naanza na hilo ili usije ukadhani nilikuwa mtu mtulivu Jumapili ile ya mwaka 1995, kule ndani ya Bukura, gari la baba mkwe lilipokataa kuwaka.

Baba mkwe, Mzee Shikanga, alikuwa na pikapu ya Peugeot 404 iliyomsombea miwa na mbolea mpaka injini ikafa. Nilimpatia injini ya 504, nikaenda kuifunga kwake nyumbani. Na ukweni si mahali pa mwanamume kukaa siku nne. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawakaribiani. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawasemezani uso kwa uso. Mama mkwe wangu akiwa na neno, hulipitisha kwa Edah au kwa shemeji yangu Isaiah. Akitaka kupita nilipo, hukohoa nyuma ya jiko, nami hugeuka au hujiondoa mpaka apite. Heshima si utumwa, na katika hilo sikuwahi kukosea hata mara moja.

Alhamisi nilitoa injini mbovu. Nina desturi yangu: kila ninachofungua nakipanga juu ya gunia, ili nikimaliza kazi na kitu kikabaki pale, kinisute. Desturi hiyo imenisaidia miaka kumi na minane. Ila ina ubovu mmoja ambao sikuwa nimeufikiria: kitu kisichofika kwenye gunia hakimsuti mtu.

Jumamosi tukashusha injini mpya, imening'inia kwa mnyororo katikati ya mti mnene wa kubebea mabegani. Mimi na Isaiah tulishika upande mmoja, na jirani mmoja akashika upande wa pili. Mzee akaja kusaidiana naye.

"Mzee, tuachie sisi," nikasema.

"Mkwe, mimi bado sijakufa."

Mama mkwe akakohoa nyuma ya jiko. Nikajua anataka kupita, nikainamisha macho. Akakohoa tena kwa nguvu. Mzee alitazama upande ule, kisha akashika mti kwa mikono yote miwili na kuweka bega.

Jumapili alfajiri hakuweza kuinuka. Alikuwa anatapika, tumbo limejaa, na kinenani uvimbe mgumu ambao hakutaka mtu auone. Ilikuwa ngiri. Aliishi nayo miaka sita, akiifunga kwa kitambaa chini ya suruali, na nyumba nzima aliyejua ni mkewe peke yake. Mzee hawezi kumweleza mkwewe habari za kinena. Mficha maradhi kifo humfichua, lakini msemo huo ni rahisi kuusema ukiwa mzima.

Edah akakimbilia zahanati kumtafuta nesi. Isaiah akachukua baiskeli kwenda kutafuta gari. Mzee mwenyewe hakubebeka kwa baiskeli. Tulipojaribu tu kumkalisha alilia, na sikuwahi kumsikia akilia.

"Shemeji, wewe washa hii gari," Isaiah aliniambia akiondoka. "Siku ya Jumapili magari huku yanapoteanga. Ni hii tu."

Nikamalizia kufunga mpaka gunia likabaki tupu, na saa tatu asubuhi nikazungusha ufunguo. Taa za dashibodi zikafifia, stata ikasema *ta*, basi. Nikazungusha tena. *Ta*.

Nilianza na betri kama kila fundi. Nilikuwa nimeichaji mjini. Nikakwangua vichwa vyake kwa kisu mpaka vikang'aa, nikakaza. *Ta*. Nikadhani injini imeshika, nikaingiza spana kwenye puli na kuizungusha kwa mkono, ikazunguka vizuri. Mzee alikuwa na hendeli ya zamani ya kuwashia, lakini injini ya 504 haikuwa na pa kuiingiza. Kusukuma nisingeweza peke yangu kwenye matope yale. Nikafungua stata, nikailaza chini, nikaiunganisha na betri kwa nyaya mbili. Ikanguruma na kuruka kwenye nyasi. Nikairudisha garini. *Ta*.

Hapo mtu mwenye akili zake angekaa chini afikirie. Stata nzima, betri nzima, na vikikutana ndani ya gari vinakataa. Isitoshe, nilipogusa kebo ya choki, ule waya wa chuma unaotoka kwenye dashibodi mpaka kwenye injini, iliniunguza kidole, moto kama kijiko kilichosahauliwa kwenye uji. Injini haijawaka hata mara moja, moto huo umetoka wapi? Sikujiuliza. Nilimtukana aliyeniuzia injini, nikamtukana Mfaransa aliyelibuni gari, na ndani ya nyumba nikasikia mzee akitapika tena. Niliogopa sana, na mimi nikiogopa hukasirika.

Kisha nikasikia kikohozi nyuma ya jiko.

Nikaingia chini ya gari, nikageuza uso upande wa pili ili apite. Hakupita. Nilipotoka nikafungua stata mara ya pili, kazi ya nusu saa, kwa sababu sikuwa na wazo lingine. Kikohozi kikaja tena, sasa karibu zaidi. Nikaacha kila kitu, nikaenda kusimama kwenye migomba mgongo nimempa, nikahesabu mpaka mia. Nikamwona moyoni kama mtu asiye na haraka, anayepitapita uani mumewe anakufa. Niliudhika naye.

Mara ya tatu ilikuwa karibu saa sita. Nilikuwa nimeirudisha stata, niko chini ya gari tena. Nikasikia kikohozi, nikafumba macho. Halafu nikasikia nyayo, na magoti yakitua kwenye matope kando ya kichwa changu.

"Baba Nafula."

Sauti yake sikuwa nimewahi kuelekezewa, miaka tisa ya ndoa.

"Hii kitu niliokota kwa nyasi Alhamisi nikifagia. Niliweka jikoni isipotee, nimpatie Edah akupatie. Nikasahau mpaka leo asubuhi. Ni ya gari?"

Nikafumbua macho. Mkononi alikuwa na mkanda wa shaba uliosukwa, mrefu kama mkono wa mtoto, mweusi kwa moshi wa jikoni. Ni ule unaounganisha injini na bodi ili umeme upate njia ya kurudi kwenye betri. Bila mkanda huo, umeme ulikuwa unajipenyeza kwenye kebo ya choki, na ndiyo maana ikaniunguza.

"Ni ya gari, mama," nikasema.

Nati mbili. Dakika nne. Nikazungusha ufunguo, na injini ikawaka mara moja.

Edah na Isaiah walikuwa bado hawajarudi, na kiti cha pikapu ni kimoja. Mimi na mama mkwe tulimlaza mzee katikati, kichwa chake kifuani mwa mkewe, miguu yake juu ya mapaja yangu. Nikaendesha hivyo, mkono wangu ukigusana na wa mama mkwe kila nikibadilisha gia, na hakuna aliyeuondoa wake. Tulipokaribia mji akasema, bila kunitazama:

"Jumamosi nilikohoa."

"Nilisikia, mama."

"Nilitaka awache huo mti."

Nikakanyaga mafuta zaidi.

Walimpasua alasiri hiyo. Daktari hakumlaumu mtu. Alisema utumbo ulikuwa umekwisha kuoza, na kwamba asubuhi labda ungeokolewa. Mzee Shikanga alifariki Jumanne.

Baada ya mazishi wazee wakatuketisha. Mkwe na mama mkwe walikuwa wamesemezana, wamegusana, wamepanda kiti kimoja. Ilibidi mbuzi achinjwe ili heshima irudi mahali pake. Nilimleta mbuzi. Wazee wakala, wakasema mambo yamekwisha, kila mtu arudi upande wake.

Yeye alirudi upande wake. Hasemi nami tena, na akinihitaji humtuma Isaiah. Lakini siku ninazokwenda kule, akikohoa nyuma ya jiko, sigeuki wala sijiondoi. Naweka chini nilicho nacho, nasimama namwelekea, nangoja. Mara nyingi anataka kupita tu.