Tuache Wote, Pole Pole

Wazo lilikuwa la mke, ingawa sababu ilitoka kwa mume.

Mke alikuwa fundi makochi. Mtaa mzima ulimwita Fundi tu, hata mama mkwe wake aliyeishi naye nyumba moja, mama ambaye hakuwa mtu wa kugawa sifa ovyo. Karakana ilikuwa chumba cha mbele: sponji zimeegemezwa ukutani, mabunda ya vitambaa yamepangwa hadi dirishani, na kila mara kochi moja au mawili yaliyovuliwa hadi mbao, yakisubiri kuvishwa upya. Mumewe, fundi umeme, alikuwa mwaka wa pili kwenye ujenzi wa bwawa, safari ya siku nzima kwa basi. Likizo yake ilikuwa imeahirishwa mara mbili.

Simu zao zilikuwa zimekonda. Kila siku saa kumi na mbili jioni mume alipiga. Umekula? Nimekula, wewe je? Nimekula, mama hajambo? Hajambo. Haya, msalimie. Dakika mbili, imekatika. Fundi alibaki ameishika simu kama mtu aliyefungiwa mlango akiwa hajamaliza kusema.

Jioni moja mume akaja na jambo jipya. Daktari wa kambi amempima, presha iko juu, mafuta kwenye damu yamezidi, ameambiwa apunguze nyama. Aliyasema hayo huku akicheka. "Kwenye kantini hii, ukiacha nyama utakula nini? Nyaya?"

Fundi hakucheka. "Basi tuache wote," alisema. "Pole pole. Mimi hapa, wewe huko. Tule chakula kimoja, saa ileile. Tutakuwa kama tuko meza moja."

Upande wa pili kicheko kikakatika. Halafu mume akasema, "Sawa," na sauti yake ilikuwa imelainika. Siku hiyo waliongea dakika kumi na moja. Fundi aliziangalia kwenye kioo cha simu mara mbili.

Namna ya kuacha aliipata kwa mteja, mwalimu mstaafu aliyeleta viti vyake vinne kubadilishwa vitambaa. Mwalimu huyo alikuwa na miaka tisa bila kugusa nyama, mayai wala maziwa. "Usiache vyote kwa mpigo, mwanangu," alimwonya huku akipapasa vitambaa. "Mwili haupendi kushtuliwa. Anza na ng'ombe. Ukishazoea kwamba hayupo, kuku. Halafu samaki, halafu mayai, maziwa mwisho. Jaza nafasi zao na maharage, dengu, karanga, mboga za majani. Na upite hospitali wakupe vidonge vya vitamini, maana ipo moja huipati kwenye mimea."

Fundi akaandika orodha nyuma ya mlango kwa chaki ya kuchorea vitambaa, kisha akamsomea mumewe kwenye simu, mstari kwa mstari.

Mama mkwe aliposikia, aliweka kijiko chini. "Mwanangu alioa mtu. Wakija kuniuliza kwa nini ameoa sungura, nitajibu nini?"

"Mama, yako nitaipika kama kawaida."

"Ipike. Na mchuzi usiupunguze kwa huzuni yako."

Ng'ombe alitoka bila matata. Kuku alimsumbua kwa harufu, kwa sababu alimkaangia mama mkwe kila Jumapili na kusimama pale jikoni akimeza mate. Lakini kilichomtoa machozi ni yai. Mumewe, siku za mapumziko, ndiye aliyekuwa akikaanga mayai: laini katikati, chumvi imezidi, sufuria mbili zimechafuliwa bila sababu. Sasa Fundi alilikumbuka yai hadi akalia na nyundo mkononi, na hakujua kama anachokitaka ni yai lenyewe au ule mkono uliokuwa ukilipasua. Jioni alimweleza mumewe.

Mume akasema, "Chumvi nilikuwa naizidisha makusudi. Nilipenda vile ulivyokuwa unalalamika."

Simu zikanenepa. Nusu saa, mara nyingine zaidi. Fundi alimweleza jinsi alivyojifunza kukaanga kitunguu hadi kiwe cha rangi ya kahawia ili dengu zisinuke hospitali. Mume naye alitoa ripoti: leo kabichi na viazi, leo maharage, mpishi amenuna. Mwezi wa tatu ulipoisha, chai ya Fundi ilikuwa haina maziwa, na kila mstari nyuma ya mlango ulikuwa umekatwa.

Ndipo wakaongeza kufunga. Mwalimu alifunga mara moja kwa wiki, kutoka chakula cha jioni hadi chakula cha jioni, maji tu. "Si adhabu," alisema. "Kizunguzungu kikija, kula. Hakuna atakayekupa medali." Wakachagua Alhamisi.

Alhamisi ya kwanza, saa nne asubuhi, Fundi aliona sponji kama mkate. Alishikilia misumari midogo katikati ya midomo, kama mafundi wanavyofanya, na hata misumari akaionea uchu. Lakini kufika mchana njaa ikatulia, na chini ya njaa akakuta kitu kingine ambacho miezi yote alikuwa akikifunika kwa mkate, kwa chai, kwa karanga mbili tatu za kupitisha muda. Alimtaka mumewe. Alitaka kusikia kikohozi chake chumba cha pili, viatu vyake vikivuliwa mlangoni, mluzi wake wa kukera bafuni. Hapakuwa na cha kutia mdomoni ili hamu hiyo imwache. Akakaa nayo, akipigilia kitambaa cha kijani kwenye kiti cha watu wawili. Kilichomtuliza ni kujua kwamba mumewe naye, muda uleule, yuko juu ya ngazi fulani na tumbo tupu kama lake.

Alhamisi ya nne alishindwa kusubiri. Saa ilikuwa haijafika, akapiga yeye. Ikapokelewa na sauti ngeni, ya furaha.

"Shemeji! Subiri anawe kwanza. Huyu mtu ana mafuta ya kuku hadi kwenye viwiko!"

Fundi alisikia kiti kikiburutwa, hatua za haraka, halafu mumewe: "Fundi wangu? Hebu sikia..."

Akakata.

Kwa siku nne hakupokea. Alipiga nyundo kwa nguvu hadi mama mkwe akauliza kama hilo kochi limemkosea adabu. Ijumaa mchana aliingia jikoni, akafunua sufuria ya mama mkwe na kuchomoa kipande cha nyama kinono. Akakinusa. Hakikumwita. Akakirudisha, na hilo nalo likamuudhi, kwamba hata hasira yake haikuwa na cha kutafuna.

Siku ya nne simu ililia juu ya rundo la sponji. Mama mkwe akaiwahi.

"Wewe! Miezi minne huyu binti ananyonga roho yake, anakunywa chai nyeusi kama mgonjwa, na wewe huko unashindilia kuku? Sema naye. Ukimdanganya tena, nakuja mwenyewe na haya magoti yangu." Akamkabidhi Fundi simu, kisha akakaa juu ya fremu ya kochi isiyo na kitambaa, wala hakujisumbua kujifanya hasikilizi.

"Nilijaribu," mume alisema. "Siku tatu za kwanza nilijaribu kweli. Ya nne nikashindwa. Nilitaka kukwambia jioni ileile, lakini ukaanza kunihadithia vile mama alivyokuita sungura, ukacheka. Sikuwa nimekusikia ukicheka tangu nije huku. Nikaogopa. Nikasema, nikimwambia nimeshindwa, tutarudi kwenye dakika mbili."

"Ungeniambia umeshindwa, ningekutukana saa nzima," Fundi alijibu. "Saa nzima, si dakika mbili."

Mama mkwe akatikisa kichwa kukubali.

"Tena mimi nilikuwa nakula na wewe," Fundi aliendelea. "Kila jioni. Nilikuwa nakuona kabisa, umekaa, unapuliza maharage yapoe. Kumbe nilikuwa nakula peke yangu."

Fundi alimsikia akivuta kiti na kukaa.

"Nianzie wapi?" mume aliuliza.

"Ng'ombe."

"Haya. Ng'ombe."

"Na ukishindwa, useme."

Alishindwa, akasema. Wiki ya kwanza mara mbili, ya pili mara moja. Fundi alimtukana kama alivyoahidi, mama mkwe akiongezea ya kwake kutoka jikoni. Kuku alimchukua mwezi mzima. Mayai aliyaacha kwa manung'uniko. Alhamisi ya kwanza aliyofunga kweli alipiga simu saa sita mchana, analalamika kama mtoto mwenye homa, na Fundi akacheka hadi akakosea kukata kitambaa.

Kisha likizo ikaahirishwa mara ya tatu. Kampuni iliongeza miezi sita. Fundi alisikia habari hiyo amesimama, akaendelea kusimama baada ya simu kuisha. Kesho yake akafunga karakana, akamwomba jirani akae na mama mkwe, akakaanga karanga za njiani na kupanda basi bila kumwambia mumewe.

Alifika kambini jua likiwa limelegea. Mlinzi alisema mafundi umeme wako arobaini na kitu, yeye hawajui kwa majina, aende kantini akaulize. Ndani palikuwa na benchi ndefu, mvuke, kelele za sahani za bati. Mpishi, jitu la mwanaume lenye upawa mkononi, alimsikiliza akimweleza mtu wake: mrefu, ana kovu kwenye nyusi.

"Warefu wako wengi. Anakula nini?"

Fundi alisita. Kwa nukta moja aliogopa jibu lake mwenyewe. "Maharage," alisema.

"Aa! Bwana Maharage! Mbona hukusema mapema? Huyo ananitesa! Kila siku, mpishi, umetia mafuta ya ng'ombe humu? Jumatatu kala kipande cha samaki, kimoja tu, kanyanyuka hapo hapo kwenda kumpigia mkewe aungame." Mpishi akamtazama vizuri. "Ndiye wewe?"

Fundi aliikumbuka simu ya Jumatatu. Akaitikia kwa kichwa.

Mumewe aliingia kwenye foleni akiwa na viatu vya kazi, shati limemzidi mabega. Alikuwa amepungua kuliko Fundi alivyofikiria, na ndevu zilikuwa na mvi ambazo simu haikuwahi kuzitaja. Alipomwona, sahani yake tupu ikamponyoka na kulia sakafuni. Watu wote wakageuka.

"Mama umemwacha na nani?" aliuliza. Ndiyo maneno yaliyomtoka.

"Na jirani."

"Unakaa?"

"Siku nne."

Mpishi aliwajazia sahani mbili hadi pomoni. Walikaa benchi ya mwisho, bega kwa bega, kwa sababu kukaa ana kwa ana kungewalemea siku ya kwanza. Maharage yalikuwa yamepikwa vibaya, magumu upande mmoja na kuungua upande wa pili. Fundi aliyala taratibu, chache chache kwenye kijiko. Mume alimaliza ya kwake zamani, watu wakaondoka mmoja mmoja, meza zikafutwa. Mume hakunyanyuka, na Fundi alijua kwamba naye anazihesabu hizo jioni nne, kwa hiyo alipuliza kijiko kilichokwisha kupoa, akakishikilia hewani, asikitie mdomoni bado.