Unga wa Mifupa

Mwalimu Kipenga hakuwa mtu wa kuugua. Jina hilo walimbandika watoto wa shule, kwa ajili ya kipenga alichopuliza uwanjani miaka nenda miaka rudi, naye akalizoea hata akastaafu nalo. Alifundisha michezo. Akiwa na miaka sitini na sita bado alitembea kifua mbele, na akimwona mwanamke mwenzake wa rika lake amejikunja kama ndoana, moyoni alisema, "Huyo kajitakia." Basi siku alipoinama kuinua ndoo ya nguo, mgongo ukamlia "ka!", kilichotangulia maumivu kilikuwa aibu.

Hospitalini picha ilionyesha pingili moja ya uti wa mgongo imebonyea. Wakampima urefu, wakakuta amepungua. Ndipo akapelekwa kupimwa uimara wa mifupa: alilala chali kitandani, mkono wa mashine ukapita juu yake taratibu bila hata kumgusa, kwisha. Majibu yakaja na namba zenye alama ya kutoa. Mgongo, kutoa tatu nukta moja. Nyonga, kutoa mbili nukta sita.

"Ndiyo nini hii?" alimuuliza daktari, mwanamke wa makamo asiye na haraka. "Maisha yangu yote ya ualimu sijampa mtoto alama chini ya sifuri. Hata yule aliyekuwa akikimbia kinyumenyume."

Daktari alicheka. "Si alama za mtihani, mama. Tunalinganisha mifupa yako na ya kijana mwenye afya. Ukipata sifuri, uko sawa naye. Ukishuka mpaka kutoa moja, bado ni kawaida. Kutoka hapo mpaka karibu na kutoa mbili na nusu, mifupa imeanza kupungua. Kuanzia kutoa mbili na nusu kwenda chini, imedhoofika, inaweza kuvunjika kwa jambo dogo tu. Na wako mmoja umeshavunjika."

Ukutani palikuwa na picha ya mfupa uliopasuliwa, una matundu matundu kama mkate uliotobolewa na wadudu. Kipenga aliitazama mara moja akageuza uso. Kinyaa kilimshika, si cha picha, cha mwili wake mwenyewe. Alijiona kama nyumba iliyopakwa rangi nje huku mchwa wanakula boriti. Daktari alianza kueleza habari za vidonge, sindano na dripu, lakini Kipenga alikuwa keshasimama.

"Nitafikiri," alisema.

"Mama, si ungesikiliza basi!" binti yake aliyemsindikiza alimfuata mbiombio kwenye ngazi.

"Nisikilize nini? Kwamba nimeoza ndani kwa ndani? Nimesikia."

Habari haina miguu lakini hufika. Wiki haijaisha, wifi yake, mke wa kaka yake, akabisha hodi. Wifi huyu alikuwa na mdomo wa asali na mkoba usiokosa bidhaa: leo sabuni ya kung'arisha uso, kesho mafuta ya kuotesha nywele. Safari hii alitoa kopo.

"Pole, wifi yangu. Mimi nimesema, siwezi kukuacha uteketee nami nipo. Unga wa mifupa huu. Mfupa kwa mfupa! Vijiko viwili kwenye maji ya moto asubuhi, viwili jioni, utaruka kamba."

"Hospitali wanazo dawa," binti alidakia.

"Za hospitali?" Wifi alishusha sauti kama mtu anayetaja maiti. "Zinaozesha taya, mwanangu. Yupo mmoja, meno yalimpukutika kama punje za mahindi."

Kipenga alifungua kopo. Harufu iliyomrukia ilikuwa ya kitambaa cha kufutia vyombo kilicholala na maji.

"Kinanuka hiki."

"Dawa ingekuwa tamu, si tungeila na mkate?"

Alikunywa. Hakunywa kwa kumwamini sana wifi. Alikunywa kwa sababu kopo lile halikumwambia kitu kibaya juu yake. Alibana pua, akafumba macho, akameza. Kila kikombe kilimwachia utando wa mafuta kwenye kaakaa, na mpaka adhuhuri alikuwa bado anacheua uvundo uleule. Binti yake alihama meza. Kipenga aliendelea kwa ukaidi, kopo la kwanza, la pili, na mgongo ukaendelea kuuma vilevile.

Kopo la pili lilipokwisha, alienda mwenyewe kwa wifi kufuata jingine. Alibisha mlango wa mbele, kimya. Akasikia kugongwagongwa uani, akazunguka nyuma ya nyumba.

Nzi ndio waliompokea. Juu ya mabati yaliyotandazwa juani ilianikwa mifupa ya ng'ombe: mataya yenye meno bado, vichwa vya nyonga, mbavu zenye mishipa iliyokauka ikawa myeusi kama kamba za viatu. Paka alikuwa juu ya bati moja, analamba bila wasiwasi. Kando, pipa lilichemka, na povu la kijivu lilimiminika ubavuni likiganda kabla ya kufika chini. Katikati ya hayo yote alichutama wifi yake, anatwanga kwenye kinu. Pua yake na mdomo wake alikuwa ameviziba kwa kitambaa.

Kitambaa kile ndicho kilichomkata maini Kipenga.

"Wifi!" alishtuka yule mwanamke, akakishusha haraka. "Karibu! Si ungenipigia simu tu, ningekuletea?"

"Unaziba pua."

"Vumbi, wifi. Kifua changu hakipendi vumbi."

"Mifupa hii umeitoa wapi?"

"Buchani. Ile wanayotupa. Lakini naichemsha, usiwe na shaka, naichemsha mpaka..."

"Wanayotupa." Kipenga alishika ukuta. Alimtazama paka, akatazama ulimi wa paka, akatazama kinu. "Na wewe mwenyewe unakunywa?"

Wifi alijifanya kufukuza nzi. "Mimi? Mimi sijaumwa, wifi."

Mwalimu Kipenga akatapika palepale, karibu na pipa, akishikilia mgongo wake kwa mkono mmoja isije ikapasuka pingili nyingine. Wifi akaja mbio na kata ya maji. Mkono ulioishika ulikuwa na unga kwenye kucha.

"Usiniguse," alisema Kipenga. "Tafadhali. Usiniguse."

Jioni ile kaka yake alikuja kusuluhisha. Alikaa ukingoni mwa kiti, akisugua magoti.

"Dada, mambo ya nyumbani yaishe nyumbani. Ukitangaza, utatuvua nguo."

"Wewe ulijua?"

"Nilijua anatengeneza dawa. Mambo ya wanawake, mimi nayajulia wapi?"

"Unalala kwenye nyumba inayonuka machinjio, hujui. Kaka, ondoka kabla sijatapika tena."

Akatangaza. Alipita nyumba kwa nyumba kwa wanawake aliojua wamenunua, akawasimulia alichokiona, nzi kwa nzi. Mmoja alikimbilia chooni. Mwingine alimwambia ana wivu. Huyo alimwacha na kopo lake.

Kisha akarudi kwa daktari, safari hii akaketi mpaka mwisho. Alisimulia yote, bila kupunguza. Daktari alikunja uso, akaandika vipimo vya damu na choo, kisha akasema, "Hilo la taya si uongo mtupu. Hutokea, ila kwa wachache mno, ndiyo maana tunakagua meno kwanza. Lakini nyonga kuvunjika kwa mifupa kama yako, hilo si la wachache."

"Haya, nipe njia zenyewe."

"Vidonge mara moja kwa wiki. Unameza asubuhi kabla ya kula, kwa glasi nzima ya maji, halafu nusu saa huli wala hulali. Una kiungulia?"

"Tangu ujana."

"Basi vitakuunguza koo. Sindano ya kila miezi sita ni nzuri, lakini ukiikatiza ghafla mifupa hushuka kwa kasi na pingili huweza kuvunjika. Au dripu, mara moja kwa mwaka, kama figo zako ni nzima. Ile ya kwanza huleta homa ya siku chache. Na yoyote utakayochagua, chakula chenye kalsiamu, vitamini D, na mazoezi ya kusimama imara. Kunyanyua vitu vizito kwa kuinama, sasa basi."

"Ungekuwa mimi?"

"Ningechukua dripu."

"Mifupa itarudi kama zamani?"

"Siahidi. Ikiacha kushuka, tumeshinda."

Kipenga alitaka kukasirika, akakuta hana hasira. Kwa mara ya kwanza tangu ndoo ile, mtu alikuwa amemwambia jambo lisilonuka.

Figo zilikuwa nzima, meno yakakaguliwa, damu na choo vikatoka safi. Akawekewa dripu. Usiku homa ikamkamata kama alivyoambiwa, viungo vyote vikamuuma, binti yake akamkanda. Kesho yake alikuwa bado kitandani simu ilipoita. Wifi. Alikaribia kuikata.

"Unasemaje?"

Upande wa pili ikatoka sauti ndogo isiyo na asali. "Wifi... nimejikwaa kizingitini. Mkono umevunjika. Hospitali wanataka nipimwe mifupa. Kile kipimo kinauma?"

Kinyaa kilimrudia Kipenga. Aliuona tena ule ua, akaliona lile povu. Mwanamke huyu alimlisha takataka za buchani, na sasa anaogopa kulala kitandani. Aliweka simu kifuani, akavuta pumzi, akairudisha sikioni.

"Hakiumi," alisema kwa ukali. "Unalala chali, hutikisiki. Halafu usiondoke kabla hawajakueleza namba. Na nikisikia umekunywa ule uchafu wako, nitakuja kuumwaga mwenyewe."

"Siwezi kuunywa, wifi," yule alijibu, akaanza kulia. "Unanuka."