Inamisha Kichwa, Peilin

Shemeji yangu Peigang ananitia kinyaa. Nikisikia tu anavyokohoa mlangoni, chakula kinanishinda.

Mume wangu, Peilin, ni mdogo wake. Tangu utotoni alikuwa haoni mbali, miwani yake nzito mpaka pua ikaingia mashimo. Jicho la kushoto lilikufa zamani. Mwaka jana la kulia nalo likaingia kivuli cheusi, tukakimbilia hospitali mjini Jinan, akapasuliwa.

Daktari Qiu alinieleza mimi muuza tofu kwa lugha ya jikoni kwangu. "Mama, jicho lake limerefuka kupita kiasi, ndiyo maana utando wa nyuma umekonda kama ule unaoganda juu ya maziwa ya soya. Umebanduka, na umetoboka palepale pa kuonea. Nimejaza gesi iukandamize mpaka ushike. Gesi hupanda juu, kwa hiyo uso utazame chini. Jicho la mtu mwingine lingevumilia uzembe. Hili, hapana."

Basi ikawa kutwa, "Inamisha kichwa, Peilin." Akala tambi akitazama sakafu, akalala kifudifudi mpaka shingo ikakakamaa. Hakulalamika hata kidogo.

Ndipo Peigang akaja na harusi ya mwanawe. "Aje akae tu, shemeji. Wakwe wasipomwona ami mtu, watasemaje?"

Nikaenda naye nimlinde. Lo, ule ukumbi! Wanaume wamelegeza mikanda, wanatema mifupa mezani, sigara zinazimwa ndani ya supu ya samaki. Peigang akatujia, midomo inang'aa mafuta, chupa ya pombe ya mtama mkononi.

"Maliza!" akasema. Na kwetu ukimaliza, unarudisha kichwa nyuma, kisha unapindua kikombe watu waone.

"Kaka, niache. Jicho."

"Pombe inakwenda tumboni, we! Nani kakwambia inapitia jichoni?" Meza nzima ikacheka. "Au unanidharau mbele ya wakwe?"

"Nipe mimi ninywe badala yake," nikasema.

"Mke akunywee? Peilin, kumbe wewe ndiye uliyeolewa!"

Peilin akasimama. Nikamvuta shati, akaniondoa mkono. Akainua uso. Akainua tena kwa bwana harusi, akainua kwa wakwe, meza baada ya meza, na Peigang nyuma yake akimpigapiga kisogo, "Hii ndiyo damu yangu!" Kisha huyo Peigang akatapika kwenye ndoo ya mlangoni, akajifuta kwa mkono, akamimina tena kwa mkono uleule. Yalaaniwe mazoea haya!

Tuliporudi Jinan, Daktari Qiu alimulika jicho, akazima taa. "Aliinua kichwa?" Peilin akatazama chini, ndipo nikaona anatazama chini bure. Daktari akampasua mara ya pili. Utando ulikuwa umeshajikunja.

Mwaka mpya Peigang akatualika, eti kuomba radhi. Mbele ya ukoo mzima akainua kikombe. "Mdogo wangu, nilikosa. Maliza!"

Peilin akanyoosha mkono. Ukapita pembeni ya kikombe, ukazama ndani ya bakuli la samaki. Peigang akaushika ule mkono unaochuruzika mchuzi, akautia kikombe. "Hiki hapa. Haya, kichwa nyuma."

"Usinywe," nikamwambia.

Peilin akanywa chote. Halafu akapindua kikombe, kwa heshima zote, awaonyeshe jamaa kwamba hakikubaki hata tone. Alikuwa anauonyesha ukuta.