Saa Iliyopungua Uzito

Barre Bishar hakuwa mtu wa kununua kitu kwa macho. Fahali alimshika nundu kwanza, mbuzi akamfinya kiuno, sukari akailamba kabla gunia halijafungwa. Wenzake wa soko la mifugo la Garissa walimtania kwamba hata salamu huipima ndipo aijibu. Yeye hakujali. Walimcheka, lakini Barre akimkataa mnyama, hakuna mwingine aliyethubutu kumnunua.

Mwaka ule wa tisini na mbili mji ulikuwa umefurika watu waliokimbia vita ng'ambo ya mpaka. Walikuja na vitu ambavyo Garissa haikuzoea kuviona: mazulia mazito, vyombo vya kaure, na saa za dhahabu. Saa ndizo zilizowatia kichaa wafanyabiashara wa mifugo. Pale sokoni bei haitamkwi kwa mdomo. Muuzaji na mnunuzi hufunika mikono yao kwa shali wakazungumza kwa kubanana vidole, na aliyesimama kando haambulii kitu. Chini ya shali hiyo mwenzako hukugusa kifundo cha mkono. Akikuta saa nzito, anajua ameshikana mkono na mtu mwenye mali, na mwenye mali hababaishwi. Kulow wa Habaswein alikuwa nayo moja, nzito kama nyundo, na tangu aanze kuivaa hata wauzaji wakaidi walimlegezea kamba.

Kwa hiyo Jelle alipokuja kumwambia kwamba kuna mkimbizi anauza saa ya dhahabu, Barre aliinuka akaiacha chai yake ikitoa mvuke.

Jelle alikuwa dalali wake wa miaka mingi, mtu wa maneno laini na macho mepesi. "Twende uione," alisema, "lakini usijitie pupa, walaal, ndugu yangu. Mimi nimeishika. Nyepesi."

Walimkuta mwenye saa huko mtaani Waberi, katika chumba alichohifadhiwa na jamaa zake. Jina lake Abdihafid. Alikuwa mwembamba, mrefu, amevaa shati jeupe lililofuliwa mpaka kola ikaanza kuonyesha mwanga. Alisema alikuwa karani mkuu bandarini Kismayu. Akafungua leso taratibu, akaitoa saa.

Ilikuwa nzuri, hilo Barre hakulibisha. Uso wake ulikuwa na rangi ya maziwa, mkanda wa dhahabu wa pingili zilizoshikana kama magamba. Akaiweka kiganjani, akafumba macho, akaupandisha na kuushusha mkono. Alishawahi kuishika saa ya Kulow, na mkono wake haukusahau. Hii haikuvuta chini.

"Umeipata wapi?"

"Niliinunua mwenyewe, mwaka niliopandishwa cheo."

"Ni dhahabu tupu?"

"Tupu."

"Mbona nyepesi?"

Abdihafid alimtupia Jelle jicho, kisha akatazama chini. "Ndivyo ilivyo sasa," akajibu.

Barre alilidaka neno lile *sasa*. Dhahabu haina jana na leo. Uzito wake ni ule ule. Na kwa nini amtazame Jelle kwanza?

Walipotoka uani, Jelle alimvuta pembeni. "Umemsikia? Hana jibu. Hiyo ni shaba iliyopakwa rangi. Mrudishie, na watu wakikuuliza waambie ukweli, wasije wakaibiwa."

"Tuipeleke kwa Bishara kwanza."

"Bishara? Yule mama atakula njama naye. Unapoteza wakati, wallahi."

Barre alishangaa kidogo. Jelle hakuwa mtu wa kuogopa mzani. Akarudi ndani akaomba aichukue saa ikapimwe. Abdihafid akakataa katakata. "Saa yangu haitembei bila mimi," akasema, akavaa kandambili. Hilo nalo Barre akaliweka moyoni. Mtu mwenye haki haogopi kitu, alijiambia. Ila mwizi naye haachi mali yake mikononi mwa watu. Wakaenda watatu.

Bishara alikuwa mjane aliyeuza na kununua dhahabu katika kibanda chenye kabati la kioo karibu na msikiti. Aliisugua saa kwa ndani ya mkanda kwenye jiwe lake jeusi, akadondosha dawa, akasubiri.

"Dhahabu," akasema. "Na ya kiwango cha juu."

"Basi mbona haina uzito?" Barre akauliza.

"Watu wa soko la mifugo mnapenda uzito kama mnanunua nyama! Uzito nao hudanganya. Nimefungua saa nzito humu nikakuta madini ya risasi yameshindiliwa tumboni. Lakini ni kweli, wanunuzi wana sababu. Dhahabu ni nzito kuliko chuma na shaba, na mkono huitambua kabla ya jicho. Hii..."

Hakumaliza. Alikuwa ameugeuza mkanda karibu na kibanio, anazitazama pingili. Barre aliona uso wa mama yule ukibadilika. Akaiweka saa chini polepole, akamwita Barre nyuma ya pazia.

Huko alifungua kijaluba akatoa kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani mlikuwa na pingili tatu za dhahabu, zenye umbo la magamba.

"Hizi nimeuziwa na watu tofauti waliotoka upande wa Liboi, mpakani," alinong'ona. "Nilijiuliza, ni nani anayeuza mkanda wa saa kipande kipande? Nikasema, huenda mwenyewe yuko chini ya mchanga, na waliomvua wakagawana. Sasa saa yenyewe imeletwa na yule pale nje."

Barre alichungulia kupitia upenyo wa pazia. Abdihafid amekaa kwenye benchi, mikono mapajani, anaitazama saa bila kupepesa. Jelle amesimama mlangoni, anatazama barabara. Barre akaona kwamba kati ya hao wawili hamjui hata mmoja vizuri.

Akatoka, akaichukua saa, akajaribu kuifunga mkononi mwake. Ncha mbili za mkanda hazikukutana. Nyama ilibaki wazi upana wa vidole viwili. Alijilaumu kimoyomoyo. Wakati wote ule alikuwa ameipima kiganjani tu, hakufikiria kuivaa.

"Ivae wewe," akamwambia Abdihafid.

Abdihafid akaivaa. Ikabana sawasawa, kama iliyotengenezwa kwa ajili ya mkono ule wa mifupa mitupu.

"Huu mkanda ni mfupi," Barre akasema. "Pingili nyingine ziko wapi?"

Abdihafid alizipapasa pingili kwa kidole. Kisha akasema, "Nilikuwa mtu mnene, adeer, ami yangu. Ungeniona Kismayu usingenijua. Njiani kila tulipokwama nilitoa pingili moja. Nilipokuwa nikikonda, saa nayo ilikuwa ikikonda, kwa hiyo haikunilegea hata siku moja."

Maneno matamu, Barre aliwaza. Na hadithi ya huruma ni mtego wa zamani. Lakini Bishara alikuwa ametoka nyuma ya pazia, kitambaa amekificha ndani ya ngumi.

"Ulimpa nani?" akauliza. "Wataje."

"Moja nilimpa askari wa kizuizi, sikumtazama usoni. Moja nilimpa mwanamke wa Dhobley mwenye ngamia, anitolee maziwa ya kumpa mama yangu. Nyingine aliichukua dereva wa lori la maji, mwanamume mcheshi, mkono wa kushoto hana kidole cha shahada."

Bishara akashusha pumzi kwa nguvu. "Dereva huyo alikaa hapo ulipokaa wewe," akasema. "Alinichekesha mpaka nikakosea mzani." Akafungua kitambaa, akazimwaga pingili juu ya kioo.

Abdihafid hakuzirukia. Alizitazama tu, kisha akauliza, "Yeye alifika salama?"

"Alifika. Na mama yako?"

"Maziwa yalimfikisha Liboi."

Bishara alisema *Allaha u naxariisto*, Mungu amrehemu, na Barre akaitikia amina kwa sauti ndogo, kwa maana mwizi haulizi kama dereva alifika salama.

"Mbona hukuniambia pale nyumbani?" Barre akauliza hatimaye.

"Niliyaeleza yote haya juzi, kwa huyu." Abdihafid alimnyooshea kidevu Jelle. "Alikuja peke yake. Akanipa bei ya shaba. Nilipokataa, akaniambia atamleta mtu ambaye akisema saa ni bandia, Garissa nzima itasema ni bandia, na nitamfuata yeye mwenyewe nikimwomba aichukue kwa bei yake. Leo ulipouliza nilidhani ninyi ni kitu kimoja. Kuna faida gani kuwaeleza watu wanaojua?"

"Mwongo!" Jelle akafoka. "Barre, kama ningeitaka, kwa nini nikuletee wewe?"

Swali hilo lilikuwa zuri, na Barre alikuwa ameshajibiwa tayari. Sifa ile ya kupima kila kitu, aliyoibeba miaka yote kama taji, ndiyo iliyokuwa inawindwa. Hata hivyo alimtazama rafiki yake usoni akatafuta uongo, asiuone. Akatafuta ukweli, asiuone pia.

Aliinunua saa kwa bei aliyoitaja Bishara, na zile pingili tatu pamoja nayo, akampelekea fundi aziunganishe. Abdihafid aliondoka na familia yake kwenda Nairobi kabla ya Ijumaa. Alipomuaga Barre, alimshika mkono wenye saa, akaugeuza mara moja aitazame, akauachia, akapanda basi bila kugeuka.

Barre na Jelle hawakugombana. Jelle aliapa kwamba alikuwa anamlinda tu, kwamba mkimbizi aliwachonganisha ili apandishe bei, na Barre akasema yamekwisha. Lakini hayakwisha. Jelle akimwambia fahali huyu ana afya, Barre alimchunguza ulimi. Akimwambia muuzaji yule ni mkorofi, Barre alikwenda kwake kwanza. Hata chai waliyokuwa wakinywa pamoja ilianza kunyweka haraka haraka.

Mvua za mwaka uliofuata zilipokatika, Jelle alihamia Habaswein akawa dalali wa Kulow. Wakikutana njiani bado wanashikana mikono vizuri, wanaulizana habari za wanyama na malisho, wanacheka. Kisha kila mmoja anashika njia yake, na Barre hubaki akijiuliza kicheko kile kilikuwa cha nini.