Usalama Bafuni

Mwanamke wa fotokopi aliipokea ile karatasi, akaigeuza nyuma, halafu akachungulia tena ndani ya bahasha kama mtu anayetafuta chenji iliyonasa pembeni.

"Ni hii tu?"

"Ni hiyo tu," alisema mteja wake, mkono mdomoni.

"Wenzako wa usaili wanakuja na mafaili yamefungwa kamba. Wewe cheti cha darasa la saba peke yake? Nikutolee mbili, mama, au nikutolee moja na nyingine utawaimbia?"

Watu wawili waliokuwa kwenye foleni walicheka. Mteja naye alicheka, lakini kwa pumzi za puani, midomo ameibana kama mfuko wa sukari uliokazwa kwa mpira. Alisema mbili zinatosha. Cheti chenyewe kilikuwa kimekatika kwenye mikunjo na kuungwa kwa gundi upande wa nyuma, na sahihi ya mwalimu mkuu ilikuwa imefifia ikabaki doa. Kopi zilitoka na mstari mweusi katikati, kama mtu aliyetenganishwa kichwa na kiwiliwili.

Mtaani walimwita Mama Ndege. Jina alilipata siku aliyopanda ndege kwenda kufanya kazi za ndani nje ya nchi, miaka kumi na ushei iliyopita, mtaa mzima ulipomsindikiza mpaka barabarani. Hakuwa na mtoto wa kuitiwa, basi wakamzalisha ndege. Alikaa huko miaka tisa katika nyumba moja ya ghorofa tatu, akifua, akipika, akiogesha watoto wanne na bibi mmoja aliyepooza. Akarudi na begi moja. Tangu arudi ilikuwa miezi kumi na minne, na jina lile sasa lilitamkwa kwa namna nyingine. "Mama Ndege, ulishatua?" "Mama Ndege, mbona hatukuoni hewani, mafuta yamekwisha?"

Alikuwa akilala kwenye kochi la sebuleni kwa mdogo wake wa kiume. Alfajiri aliamka kabla ya watoto, akakunja shuka mara nne, akalisukuma nyuma ya kabati pamoja na mto, ili mgeni akiingia asijue kwamba ameketi juu ya kitanda cha mtu. Mwisho wa mwezi mama mzazi wa wifi yake alikuwa anakuja kumwangalia bintiye, ambaye mimba yake ilikuwa imeingia mwezi wa nane. Kochi lilikuwa moja. Hakuna aliyemwambia aondoke. Mdogo wake alisema tu, akifunga kamba za viatu, bila kuinua kichwa:

"Dada, hiyo kazi ya Alhamisi, ikipatikana si itakuwa vizuri?"

"Itakuwa vizuri," alisema.

Kazi yenyewe ilikuwa ya chuo kidogo, mali ya wakala wa ajira, kinachofundisha mabinti kazi za nyumbani kabla hawajapelekwa nje. Walitaka mwalimu wa kike aliyewahi kuishi huko. Tangazo alilisoma ukutani, nje ya duka la dawa, akalisoma mara tatu. Hotelini walikuwa wamemtaka barua ya mwajiri wake wa zamani. Hospitalini walimtaka cheti cha kugeuza wagonjwa, yeye aliyemgeuza bibi wa watu kila saa mbili kwa miaka tisa, asimtoke hata kidonda kimoja. Hii ndiyo ilikuwa kazi ya kwanza iliyotaka kitu alichokuwa nacho.

Jumatano jioni wifi yake, ambaye alikuwa karani wa ofisi ya maji na aliwahi kufanyiwa usaili mara sita, alimkalisha kwenye stuli katikati ya sebule. Yeye mwenyewe akakaa nyuma ya meza ya kupigia pasi, tumbo likigusa ukingo, kalamu sikioni.

"Karibu, mama. Jitambulishe."

"Mimi naitwa..."

"Toa mkono mdomoni."

"Wifi..."

"Toa mkono! Watadhani unatafuna. Zungumza meno yakiwa ndani, hivi. Na pengo lako usiwaonyeshe. Ukitaka kucheka, cheka kama mke wa mkubwa."

Akaonyesha mke wa mkubwa anavyocheka, shingo imenyooka, midomo imeshonwa, bega moja ndilo linalotikisika. Mama Ndege alisahau akacheka kwa mdomo wote. Pengo likaonekana, meno mawili ya juu, ya mbele kabisa.

Wifi alilitazama. "Na mimi kila siku najiuliza, bafu gani hilo? Mtu anaanguka, pua haikuguswa, kidevu hakikuguswa, yamechaguliwa meno mawili tu kama chuya kwenye mchele."

"Marumaru za kule zina utelezi."

"Mh. Haya. Na wakikuuliza huu muda uliokaa bure tangu urudi?"

"Nitasema nilikuwa napumzika."

"Nani kakwambia maskini anapumzika? Sema ulikuwa unajiendeleza."

"Najiendeleza nini?"

"Hawaulizi nini."

Walirudia mpaka chai ikapoa. Najiendeleza. Kwa jina naitwa. Nashukuru kwa nafasi.

Alhamisi asubuhi alipanda ngazi mpaka ghorofa ya pili. Chumba cha usaili kilikuwa na mashine ya ubaridi iliyokuwa ikidondosha maji kwenye ndoo, na ukutani picha kubwa ya mabinti waliovaa sare za buluu wakipunga mikono. Nyuma ya meza walikaa wawili. Mmoja alikuwa mwenye chuo, ambaye wote walimwita Madamu, mwanamke wa makamo ambaye manukato yake yalikufikia kabla ya salamu. Mwingine alikuwa afisa wake, kijana mwembamba mwenye kalamu mbili mfukoni, na mbele yake palikuwa na ule wasifu wa ukurasa mmoja uliochapwa na wifi ofisini kwake saa ya chakula.

Madamu alianza na kufua. Mafuta kwenye kola yanatolewaje? Mama Ndege alieleza: unga wa sabuni usiku mzima, mswaki laini, usisugue mzunguko, sugua kufuata uzi. Mgonjwa mzito anageuzwaje na mtu mmoja? Alisimama akaonyesha kwa mtandio wake: unakunja shuka chini ya mgongo, goti lako moja kitandani, unavuta shuka, humvuti mtu. Alivyokuwa akieleza mikono ilikuwa na kazi, na mdomo ukabaki wazi bila mlinzi. Madamu alitikisa kichwa mara mbili.

"Huyu anajua," alimwambia afisa.

Afisa aliuinamia wasifu. "Sawa. Sasa, mama, tueleze kuhusu hili pengo."

Mkono wake ulinyanyuka wenyewe, akaurudisha mapajani. Kumbe wameliona. Kumbe wameliona tangu alipoingia, wakamwacha aongee. Wifi hakumfundisha jibu la hili, na afisa alikuwa akingoja, kalamu imekaa tayari.

"Ni upawa," alisema.

"Nini?"

"Upawa, bosi. Wa chuma, una ua limechongwa kwenye mpini. Niliusugua mimi mwenyewe kila Ijumaa. Siku hiyo supu ilizidi chumvi. Mama mwenye nyumba hakuwa mtu wa kupiga kila siku, nisimsingizie. Aliponiita na upawa mkononi nilidhani ananipa nionje." Alimeza mate. "Jino moja nililimeza. La pili nililifagia kesho yake chini ya friji. Aliniambia nipige deki kwanza kabla ya kujifunga kitambaa mdomoni, maana damu ikikauka kwenye marumaru nyeupe inaacha alama. Na kweli, inaacha."

Maji yalidondoka kwenye ndoo. Afisa hakuandika kitu. Aliugeuza wasifu juu ya meza, akausogeza upande wa Mama Ndege, akaweka ncha ya kalamu chini ya mstari wa mwisho.

"Nilikuwa nauliza hapa, mama," alisema taratibu. "Tangu urudi, hapa pako wazi. Miezi kumi na minne."

Mama Ndege aliitazama ile nafasi nyeupe. Masikio yalimwaka moto, na moto ukashuka shingoni mpaka kifuani. Angevuliwa nguo sokoni angemlaumu aliyemvua. Hapa aliyemvua ni ulimi wake.

"Aaa," alisema. "Hapo nilikuwa najiendeleza."

Afisa alikohoa. Mama Ndege alianza kukusanya kopi zake mbili, moja ikamponyoka ikaingia chini ya meza, na alipoinama kuiokota aliviona viatu vya Madamu vikisogea kumpisha.

"Kaa, mama," Madamu alisema. "Hayo umemwambia nani mwingine?"

"Sijamwambia mtu."

"Hata ndugu zako?"

"Niliwaambia nilianguka bafuni."

Madamu aliegemea kiti. Alimtazama kwa muda, bila ukali, kama mtu anayepima kitambaa kwa macho.

"Basi ulianguka bafuni," alisema. "Mabafu ya kule yana utelezi kweli. Mabinti wetu wengi hawajawahi kuyaona. Afisa, andika: somo la kwanza, usalama bafuni. Mwalimu ataeleza yaliyompata, awaonyeshe na pengo, wataelewa haraka." Akamgeukia. "Si utaweza?"

Afisa alikuwa ameshaandika.

Mama Ndege alifikiria kochi. Alifikiria shuka nyuma ya kabati, na viatu vya mdogo wake vikifungwa kamba bila yeye kuinua kichwa.

"Nitaweza, Madamu."

"Uanze Jumatatu. Tulikuwa tunatafuta mtu mtulivu."

Nyumbani wifi alipiga vigelegele mpaka jirani akachungulia ukutani kuuliza kama mtoto ameshazaliwa. "Amezaliwa mwalimu!" wifi alijibu. "Mama Ndege ni mwalimu!" Mdogo wake alimshika dada yake mabega, akamtazama usoni, kitu ambacho hakuwa amekifanya kwa miezi mingi.

"Nilijua tu, dada. Miaka tisa haiwezi kwenda bure. Walikuulizaje?"

"Waliuliza kufua," alisema. "Na kugeuza mgonjwa."

"Na ule muda?" wifi aliuliza. "Ulisema nilivyokufundisha?"

"Nilisema."

"Umeona! Hawaulizi nini."

Jumatatu aliwakuta mabinti ishirini na sita kwenye viti vya plastiki, sare za buluu zenye mikunjo ya dukani. Mbele palikuwa na kitanda kimoja, jiko la umeme lisilounganishwa na chochote, na mwanasesere wa kuogeshwa asiye na mkono mmoja. Alianza na shuka. Aliwaonyesha pembe inavyokunjwa kama bahasha, inavyobanwa chini ya godoro, jinsi kiganja kinavyopita mara moja tu na kitanda kikawa kama meza. Mabinti wakasema "Aaah!" kwa pamoja. Kwa muda kama wa dakika kumi alikuwa na furaha, furaha halisi.

Halafu akafundisha somo la bafuni. Aliwaambia wavae kandambili, wakaushe sakafu kabla ya kuingia na beseni, wasikimbie wakiitwa. Aliwaonyesha pengo. Walicheka, wakaona aibu kwa kucheka, wakacheka tena. Binti mmoja mrefu wa mstari wa nyuma, ambaye wenzake walimwita Wakili kwa maswali yake, hakucheka. Aliinua mkono.

"Mwalimu, na mwajiri akikupiga, unamwambia nani?"

"Huyo Wakili!" wenzake walimzomea. "Hata hajapanda ndege ameshashtaki!"

Mlango ulikuwa wazi, na manukato yalikuwa yanaingia kutoka koridoni.

"Ukifanya kazi vizuri," Mama Ndege alisema, "hakuna atakayekupiga."

Baadhi waliandika kwenye daftari. Aliwaona wakiandika, wakapiga na mstari chini yake kwa rula.

Kipindi kilipokaribia kwisha afisa alimletea boksi la viatu lililokatwa mfuniko. Alisema bila kumtazama kwamba pasipoti za mabinti zinatunzwa ofisini zisije zikapotea, na mwalimu ndiye anayezikusanya, kwa sababu yeye wanamwamini. Mama Ndege alipita mstari kwa mstari. Waliziweka moja moja, nyingine zimefungwa kwenye leso, nyingine kwenye mfuko wa nailoni. Mmoja aliibusu yake kabla ya kuiachia, akasema, "Usije ukaichanganya na ya huyu, mwalimu, yeye picha amefumba macho," na darasa likacheka.

Wakili alikuwa wa mwisho. Aliishika yake kwa mikono miwili.

"Kule, mwalimu, wewe yako ulikaa nayo mwenyewe?"

Yake ilikaa miaka tisa kwenye droo ya chumba cha mwenye nyumba, na ufunguo wa droo ulikaa kwenye mkufu, shingoni mwa mwenye nyumba. Yeye alikuwa akipangusa vumbi juu ya droo hiyo kila asubuhi.

"Zinatunzwa," alisema. "Lete."

Binti aliinyoosha. Mama Ndege aliipokea pembe moja. Pembe nyingine haikuachiwa.

"Nimekuuliza tu, mama," binti alisema kwa sauti ya chini, na safari hii hakumwita mwalimu.

Viatu vya Madamu vilikuja vikigonga koridoni, vikasimama mlangoni.

"Mwalimu, zimetimia?"

Mama Ndege alilitazama boksi, halafu akavitazama vidole, vyake upande huu, vya binti upande ule, vyote vimekuwa vyeupe kwenye ncha.

"Bado moja, Madamu," alisema.

Wakili hakuachia. Naye hakuachia. Kile kitabu kikaanza kupinda katikati.