Namba Arobaini na Moja Anaomba Jembe

Umeme ulirudi mtaa wa Nyalukemba, Bukavu, saa nane na robo mchana, siku ya Jumanne, na Papa Adalbert akafungua kompyuta juu ya meza ya chakula ili amalizie kazi yake ya ujaji katika shindano la picha. Ilikuwa imebaki mifululizo sita. Mkewe, Marie-Louise, alikaa mlangoni pa jikoni akichambua visamaki vya sambaza kwenye sinia, na alikuwa ameshasema mara mbili kwamba amechoka na piano, maana wazungu hawa kila picha ya machweo lazima waipigie piano.

Shindano lilikuwa la kimataifa. Watu wa nchi thelathini na kitu walituma picha zilizopangwa zikafuatana, moja ikififia ndani ya nyingine, huku muziki au sauti za watu zikipita chini yake, na kila mfululizo usizidi dakika nane. Jina la mtu haliandikwi, ni namba tu. Majaji walikuwa watano, kila mmoja nyumbani kwake, na kila mmoja anatoa alama juu ya ishirini. Papa Adalbert, aliyepiga picha za ubatizo na ndoa za Bukavu kwa miaka thelathini na miwili, ndiye Mwafrika pekee kati yao. Barua ya uteuzi aliitia fremu akaitundika sebuleni. Nani asingeitundika?

Akabonyeza namba arobaini na moja. Picha ya kwanza ilikuwa kilima kilichochimbwa, mvua inanyesha, wanaume wamejipanga wanatazama chini. Machimbo ya dhahabu ya Shabunda, hilo alilijua kwa kuliona tope tu. Picha ya pili ilikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, kitenge cha kijani kimemganda mwilini, mikono ameinyoosha mbele, kinywa wazi. Sauti yake ilisikika chini ya picha, na mwenye mfululizo alikuwa ameiongezea filimbi.

"Papa, weka iyo mashini chini. Shika jembe. Bwana yangu iko mule ndani, niko namusikia. Weka iyo mashini chini, papa."

Maneno hayo yalirudiwa mara nne katika dakika saba na sekunde arobaini. Picha zilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililomuuma Papa Adalbert. Aliyezipiga alisogea karibu kabisa, akainama, akangoja mwanga ukae sawa kwenye mashavu yaliyolowa. Picha ya mwisho ilipofifia, yule mwanamke alikuwa amesimama sebuleni, kati ya kabati la vyombo na picha ya Moyo Mtakatifu, tope limemfika magotini.

"Jambo papa. Jambo maman," alisema. "Muko na jembe?"

"Karibu," alisema Marie-Louise. "Lakini usikanyage mukeka."

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hakungoja hata chai. Marie-Louise akamletea jembe lililokuwa nyuma ya choo, na mgeni akalipima mkononi, akatoka uani, akatazama huku na huku, kisha akaanza kuchimba nyuma ya mgomba. Alipoulizwa jina alisema anaitwa Nsimire, ni mtu wa Walungu, na alimfuata mume wake Guylain huko Shabunda. Shimo lilimwangukia Guylain asubuhi ya mvua. Watu walikuja wengi, mmoja wao na kamera.

Kwenye kina cha magoti udongo ulibadilika. Haukuwa tena udongo wa Nyalukemba. Ulikuwa ule mzito wa Shabunda, unaong'ang'ania jembe na kutoa maji. Ndipo sauti ya mwanamume ikapanda kutoka chini.

"Mama Carine, ni weye?"

"Ni miye. Ngoja kidogo."

Papa Adalbert alivua koti, akachukua beleshi, akaanza kuchimba kando yake. Lakini pale alipochimba yeye palikuwa uani kwake tu: vigae vya chupa, kandambili moja, mwishowe bomba la maji la jirani, likapasuka. Akaacha kuchimba, akasaidia kubeba udongo kwa ndoo. Marie-Louise aliziacha sambaza kwa paka akaja kubeba naye.

Baada ya nusu saa Nsimire alinyooka, akalaza jembe chini.

"Banafungula," alisema.

"Nani?"

"Benzako. Ba jury."

Akaondoka pale pale shimoni, bila kwaheri, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kwenye foleni ya hospitali. Mahali fulani duniani jaji mwingine alikuwa amebonyeza arobaini na moja, na Nsimire alipaswa kwenda kusimama mvuani aombe mara nne. Kuta za shimo zilimomonyoka kidogo. Dakika nane zilipokwisha alikuwa amerudi, analowa upya.

"Balisema nini?" Marie-Louise aliuliza.

"Habasemi. Banaandika."

Papa Adalbert hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Majaji watano, kila mmoja atazame mara mbili au tatu, hiyo inavumilika. Lakini mfululizo unaoshinda huonyeshwa kwenye sherehe, halafu huzungushwa kwenye maonyesho mwaka mzima. Mfululizo namba arobaini na moja ukishindwa, utafungwa na Nsimire atapata siku nzima, hata mbili, amfikie mume wake. Ukishinda, basi tena. Alirudi mezani, viatu vimejaa tope, akaandika sufuri.

Katika maisha yake hakuwahi kutoa sufuri, hata kwa yule mwanafunzi wake aliyekata vichwa vya maharusi kwenye albamu nzima. Jibu lilikuja Alhamisi, la adabu sana: kwa kanuni za shindano, alama ya juu kabisa na ya chini kabisa hutupwa, ili kuepuka upendeleo. Sufuri yake ilitupwa. Zilizobaki zilikuwa kumi na nane, kumi na nane na kumi na tisa.

Ijumaa majaji wote walikutana kwenye kompyuta, kila mtu ndani ya kidirisha chake. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mwenye miwani ya kamba, mtu mpole. Wote waliusifu ule wimbo wa mwanamke wa namba arobaini na moja. Jaji mwenye ndevu nyeupe alisema unasikika kuwa wimbo wa maziko, wa kale sana, na kwamba filimbi imeuheshimu. Papa Adalbert aliomba neno.

"Si wimbo," alisema. "Huyu maman anasema na mpiga picha. Anamwambia aweke kamera chini, amsaidie kuchimba."

Mwenye ndevu alivua miwani. Mwenyekiti akasema jambo hili ni zito, haliwezi kuamuliwa kwa kusikia tu. Je, mwenzao wa Bukavu angeweza kuwaandikia tafsiri kamili kabla ya jioni?

Papa Adalbert alikata mawasiliano akiwa mwepesi wa moyo. Sasa watajua, alimwambia mkewe. Mtu akijua ataona haya.

Na hapo ndipo alipokosea. Kwa miaka ishirini yeye ndiye aliyewatafsiria mapadri wageni mahubiri parokiani, na mtu wa namna hiyo haandiki Kifaransa cha kuchomoachomoa. Alifungua kamusi. Alifuta, akaandika, akafuta. "Weka iyo mashini chini" aliona ni kavu, akaandika "Ee mgeni, lilaze chini jicho lako." "Shika jembe" akaifanya "na uitwae ardhi mikononi mwako." Bwana aliyemo ndani akawa "mpenzi wangu anayepumua chini ya mlima." Akachapisha, akatia sahihi, akagonga mhuri wa studio, akaupiga picha ukurasa na kuutuma. Ndipo Marie-Louise alipoingia na ndoo, akaokota karatasi, akaisoma kwa midomo.

"Aka, Adalbert! Hii ni homélie, ni mahubiri ya padri. Yeye aliomba jembe. Jembe iko wapi humu?"

Alilitafuta na yeye. Halikuwemo.

Majaji walilia. Jaji mmoja wa kumi na nane akapanda hadi ishirini, na waliobaki hawakukaa nyuma. Walimtaka mwenye mfululizo aandike maneno ya Papa Adalbert chini ya kila picha, kwa herufi nyeupe, na Jumapili namba arobaini na moja ikatangazwa ya kwanza, medali ya dhahabu. Mwenye mfululizo alitoa shukrani kutoka kwao huko kwa mama asiyejulikana wa Shabunda, na kwa mtafsiri wake mwenye kipaji.

Papa Adalbert aliona aibu mpaka masikioni. Aliandika barua ya pili, fupi mno safari hii, bila pambo. Mama huyu anajulikana. Anaitwa Nsimire. Yuko uani kwangu anamchimbua mume wake, na kila mnapoufungua mfululizo anaondoka. Naomba muufunge. Mwenyekiti alijibu siku ile ile. Alisema amesikitika kwa dhati, na wenzake pia. Kanuni hazina kipengele cha kuondoa mfululizo kwa ombi la mtu aliyemo pichani. Aliuliza kama mama huyo aliwahi kusaini karatasi ya kukubali, au ya kukataa. Ila jina lake wameshaliongeza kwenye maelezo, na aliomba wathibitishiwe kama limeandikwa sawasawa. Lilikuwa limeandikwa sawasawa.

Nsimire alipewa habari akiwa shimoni, udongo umemfika kifuani tu, maana kila alipoitwa wiki ile shimo lilimomonyoka na kujaa tena.

"Miye ni wa kwanza?"

"Wa kwanza," alisema Papa Adalbert.

"Kupita bale bote?"

"Bote."

Alifikiri kidogo, akajifuta paji la uso kwa kiwiko.

"Basi bale bengine balikuwa na bahati," alisema, akainama akaendelea. Hakumaliza jembe la tatu. Sherehe ilikuwa imeanza.

Baada ya sherehe mfululizo uliwekwa kwenye dirisha kubwa la jumba la maonyesho, katika mji ambao Papa Adalbert aliutafuta kwenye ramani na kuupata karibu na bahari. Unazunguka mchana na usiku, ukiisha unaanza, ili hata mpita njia aliyetoka kazini aweze kusimama na kutazama. Huzimwa siku moja tu kwa wiki, Jumatatu, ambayo Bukavu huiita lundi, kwa ajili ya usafi.

Kwa hiyo Nsimire huja lundi. Mtaa umeshazoea. Maman Bintu wa nyumba ya pili huleta maharage na ndoo yake mwenyewe, na jirani wa bomba, aliyenuna wiki tatu, sasa huja na wanawe wawili wakubwa kupokezana kubeba udongo. Padri alikuja akabariki shimo, akatahadharisha watu wasimpitishe mbuzi karibu. Asubuhi Nsimire hufukua tope la mvua ya siku sita. Mchana hufika kwenye udongo wa Shabunda. Jioni hufika pale alipofika wiki iliyopita, kifuani, na anasema naye, na Guylain anajibu. Kisha dirisha linawashwa. Papa Adalbert alijaribu kulifunika shimo kwa turubai, akajaribu kulizungushia mbao. Linajaa kutoka ndani. Ameandika barua nyingine nne, zote fupi, na zote zimejibiwa vizuri.

Alhamisi iliyopita alikuwa anaokota majani ya mgomba yaliyoangukia humo. Mvua ilikuwa imekatika. Alisikia sauti chini, ndogo, ya mtu asiyependa kusumbua watu.

"Papa, iko lundi?"

Papa Adalbert alipiga magoti kwenye tope ili asilazimike kupaza sauti.

"Bado, mwanangu. Iko jeudi."

"Basi," Guylain alisema, "usimuambie Mama Carine kama niliuliza."